Nusu ya Sambusa Iliyokwenda Kanyosha

Vijana mnaokuja kwangu Jumamosi na madaftari yenu, naandika haya kwa sababu mkiwa mbele yangu hamsikilizi. Mnatazama simu. Mmoja wenu wiki iliyopita aliiuliza simu eneo la pembetatu nami nimekaa hapo hapo, mzee mzima niliyefundisha hisabati Bujumbura miaka thelathini na minne. Sikukasirika. Basi, nilikasirika kidogo.

Mnasema pembetatu mraba zinawasumbua. Ninyi ndio mnaozisumbua, mnakimbilia kalamu kabla ya kutazama. Katika mtihani, pembetatu mraba utakazokutana nazo mara nyingi ni mbili tu, na zote mbili ni nusu ya kitu. Ya kwanza ni nusu ya mraba: kata mraba kona kwa kona, umeipata. Miguu yake miwili ni sawa, pembe zake ndogo ni digri arobaini na tano. Zidisha mguu kwa mguu, gawa kwa mbili, hilo ndilo eneo. Wakikunyima miguu, wakakupa ule upande mrefu tu, yaani hipotenuzi, uzidishe kwa wenyewe kisha gawa kwa nne. Jaribu na kumi: mia moja gawa kwa nne, ishirini na tano. Hakuna haja ya karatasi.

Ya pili ni nusu ya pembetatu yenye pande tatu sawa. Ikate kutoka nchani kushuka katikati ya kitako. Pembe zake ni thelathini na sitini, na mguu wake mfupi daima ni nusu ya hipotenuzi. Mguu mrefu ni ule mfupi mara kipeuo cha pili cha tatu. Kwa hipotenuzi ya kumi, miguu ni tano na nane nukta sita na kitu, na eneo ni ishirini na moja na kitu. Si ishirini na tano. Hapo ndipo watu wanapoanguka, na hapo ndipo mimi mwalimu nilipomsukuma mtoto wa watu.

Mwalimu aliyenifundisha mimi, mzee mmoja wa Gitega aliyekuwa na fimbo na huruma kwa kipimo kimoja, alikuwa hapendi njia za mkato. Alituzungusha uwanja mzima na kamba yenye mafundo mpaka tukaona kwa macho yetu kwa nini sita, nane na kumi zinatoa pembe ya mraba. Tulichoka, tukamsema. Nilipoanza kazi niliapa kwamba wanafunzi wangu hawatavuta kamba, nitawapa njia ya mkato wafike mapema. Ujana ni maji ya moto.

Sasa nikupelekeni kwenye vita. Mnavijua kwa kusimuliwa, na sitawasimulia vyote. Jueni tu kwamba kulikuwa na mitaa ambayo mtu wa mtaa mwingine hakukanyaga, barabara zilikuwa na bariyeri za askari, na shule ilifungwa na kufunguliwa mpaka watoto wakasahau waliishia ukurasa gani. Lakini mtihani wa taifa wa mwaka wa kumi haukusahau. Ulikuja. Aliyeanguka alirudi nyumbani, na kwa msichana wa mlimani huko Kanyosha, kurudi nyumbani kulikuwa jembe, na baada ya jembe mume ambaye hakumchagua.

Niliwakusanya wanafunzi kumi na wawili nikawa nawafundisha mchana katika stoo ya Mzee Nasoro, muuza vitambaa ambaye babu yake alitoka Oman na yeye mwenyewe hakuwahi kutoka Bujumbura. Alinipa stoo bure. Alisema, "Hapa si kwa huyu wala si kwa yule, Mwalimu. Hapa ni kwa vitenge." Walikaa juu ya marobota, wa Nyakabiga bega kwa bega na wa Kanyosha, wakati ambapo huko nje wasingesalimiana. Sheria yetu ilikuwa moja: hakuna kumuuliza mwenzako anakotoka. Nilifundisha kwa kuandika juu ya mlango wa kabati la bati, na chaki yenyewe nilikuwa naivunja vipande vitatu ili ifike mwisho wa wiki.

Goreth peke yake ndiye aliyekuwa wa Kanyosha, binti wa miaka kumi na saba, mrefu, mpole kupita kiasi. Alikuwa mtu wa kuandika. Nikikohoa, anaandika. Sikuwahi kumsikia akibishana na mtu, na nilimpenda kwa hilo kwa sababu ilinirahisishia kazi.

Alhamisi moja, siku kumi na moja kabla ya mtihani, niliwafundisha ile njia ya kugawa kwa nne. Niliifurahia mno. Niliandika juu ya bati kwa herufi kubwa: PEMBETATU MRABA: HIPOTENUZI MARA YENYEWE, GAWA KWA NNE. Mlango ulikuwa mdogo, herufi zilikuwa kubwa, na sharti lake, kwamba miguu iwe sawa, halikupata nafasi. Nilijiambia nitalisema baada ya chai, pamoja na ile pembetatu ya pili. Hata nilicheza kidogo na chaki mkononi, watoto wakacheka.

Chai haikufika. Milio ya risasi ilianza upande wa kusini, kwanza mbali, halafu si mbali. Mzee Nasoro aliingia bila viatu.

"Mwalimu, funga! Watoto waende sasa hivi. Wa Kanyosha atangulie, barabara bado iko wazi!"

Wakaokota madaftari, wakatoka mmoja mmoja wakiambaa ukuta. Goreth alisimama mlangoni, daftari kifuani.

"Mwalimu, na pembetatu zingine?"

"Kesho, Goreth. Kesho! Kimbia."

Alinitazama kidogo, akakimbia. Jioni hiyo barabara ya Kanyosha ikafungwa.

Wanafunzi wa mjini walirudi Jumatatu. Niliomba daftari la mmoja wao nione tulipoishia, nikasoma maneno yangu mwenyewe. Pembetatu mraba, basi, gawa kwa nne. Pembetatu yoyote mraba! Niliwasahihisha wale kumi papo hapo, na yule wa kumi na moja aliyekuwa mgonjwa nilimfuata kwao Nyakabiga kwa miguu. Akabaki Goreth peke yake, huko Kanyosha, ng'ambo ya daraja linalotutenganisha nao, na mtihani ni Jumatatu ijayo. Nilijua atafanya nini. Angepewa hipotenuzi na pembe ya thelathini, kwa sababu swali hilo halikukosekana miaka hiyo, na angefanya kama mwalimu wake alivyoandika. Swali la jometri lilikuwa na alama nyingi. Kwa mtoto aliyesoma mwaka mzima kwa vipande, alama hizo ndizo zilizokuwa kizingiti.

Ijumaa niliamua kwenda mwenyewe. Nilikata maboksi ya sabuni, nikatengeneza pembetatu nzuri za karatasi ngumu, na kwa unadhifu wangu wa kipumbavu nikaandika pembe kwenye kila kona: 30, 60, 45. Nikaandika vipimo vya pande. Nikazifunga kwa uzi, nikaenda mpaka bariyeri iliyokuwa kabla ya daraja.

Askari alikuwa kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alifungua uzi.

"Ibi ni ibiki?"

"Ni pembetatu, afande. Mi ni mwalimu."

"Naona kama ni pembetatu. Na hizi digri? Trente. Soixante. Quarante-cinq." Alizisoma polepole. "We ni mwalimu ao ni mutu wa mortier?"

Wiki zile mabomu yalikuwa yanarushwa mjini kutoka milimani. Mimi, mtu wa hisabati, sikuwa nimefikiri kwamba anayerusha bomu naye anahitaji pembe. Nilibeba digri kwa mkono, nikielekea huko huko yanakotoka mabomu. Nikaanza kujieleza, na kila neno la kazi yangu likaniongezea kesi: urefu, pembe, upande wa juu, eneo. Kofi lilinikuta katikati ya kipeuo cha pili. Nikakalishwa mtaroni, mikono kichwani, na kusikia wakijadiliana nipelekwe wapi. Niliogopa, wanangu. Niliogopa mpaka nikasahau jina la mke wangu, nililotaka kulitaja katika dua ya mwisho.

Aliyeniokoa alikuwa mkubwa wao, mtu mzima mwenye mvi. Alizigeuza zile karatasi, akanitazama viatu, akaguna.

"Mwalimu, rudi kwako. Genda. Siku ingine ukirudi hapa na makaratasi, mi sitakuwa hapa."

Pembetatu zangu zikatiwa kwenye moto wa chai yao.

Nyumbani Buyenzi, mke wangu Zainabu alikuwa anakaanga sambusa. Ndizo zilizotulisha wakati mshahara ulipokuwa hauonekani. Aliniona shavu, akazima jiko, akanikanda kwa maji ya chumvi. Hakuuliza mpaka alipomaliza.

"Sasa unataka kumwambia nini huyo mutoto? Niambie mi, kama vile mi njo Goreth."

Nikatafuta cha kuchorea, nikakosa. Nikachukua sambusa moja ungoni. Zainabu, muulizeni yeyote, hukunja sambusa zake pande tatu sawa, unaweza kuzipima kwa rula. Nikaikata kutoka nchani kushuka chini.

"Hii nusu," nikasema, "ndiyo pembetatu ambayo sikumfundisha. Kugawa kwa nne si kwa hii. Akiiona tu, anayo akili ya kutafuta mengine, kitako na kimo anavijua."

Zainabu aliitazama ile nusu, akanitazama mimi.

"Basi si utume sambusa? Sambusa haina digri."

Jumamosi asubuhi barabara ilifunguliwa kwa masaa mawili tu, ili akina mama wa Kanyosha walete mboga sokoni. Mmoja wao alikuwa Mama Fidesi, mjane mwenye watoto wanne, muuza mboga za lengalenga, jirani ya kwao Goreth. Nilimkuta anafunga kikapu chake kurudi.

"Nusu?" akasema nilipompa. "Mwalimu, unamutumia mutoto nusu ya sambusa? Na ile ingine we umekula?"

"Mama Fidesi, usiiume, usiivunje. Umpe mkononi, umwambie hivi tu: Mwalimu anasema ile nne si ya hii."

"Ile nne si ya hii." Alirudia mara mbili bila kuelewa hata herufi. Halafu akaliona shavu langu, akaacha kucheka. "Walikupiga juu ya hii?"

Sikutaka kumdanganya. Nikamwambia yote, karatasi, digri, kofi. Nikamwambia akitaka kukataa akatae, sitakuwa na kinyongo. Akakunja ile nusu katika jani la mgomba, akaiweka chini kabisa ya kikapu.

"Mama yake Goreth alinikamata mukono mu kuzaa wote wanne," akasema. "Mi nitabeba."

Zainabu alikuwa amempa sambusa sita nzima juu, za kuwapoza askari. Akaenda. Saa tano tulisikia milio upande wa daraja, mingi, ikakoma ghafla, na kukoma kwake kulikuwa kubaya kuliko milio yenyewe.

Hakuna habari iliyokuja Jumamosi. Hakuna iliyokuja Jumapili. Nilikaa mlangoni nikiuliza kila mpita njia kama amesikia lolote la daraja. Nilikuwa nimemtuma mama wa watoto wanne kwenye bunduki, kwa ajili ya kosa langu, kwa ajili ya mstari mmoja ambao ningeuandika kwa herufi ndogo ungeenea. Lile wazo lilikuwa la Zainabu, naye alikuwa anajihukumu kivyake jikoni.

Jumatatu nilivaa suti yangu ya pekee nikaenda kwenye kituo cha mtihani kabla ya lango kufunguliwa. Watahiniwa wa mjini waliingia. Watu wa Kanyosha walikuwa wameahidiwa kupitishwa kwa kundi, wakisindikizwa, lakini kundi halikuonekana. Msimamizi alishika kengele, anatazama saa yake. Nilimwomba asubiri. Akasema saa ya serikali haisubiri mtu. Nikamwomba tena kwa jina la Mungu, nikamwona anafunga na kufungua kamba ya viatu vyake ambayo ilikuwa imefungwa vizuri tu.

Wakaja wanakimbia, kama ishirini hivi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Goreth alikuwa wa mwisho, ameshika viatu mkononi. Alipopita mbele yangu nikamshika bega.

"Mama Fidesi?"

"Iko muzima, Mwalimu." Akahema. "Iko muzima."

Lango likafungwa nyuma yake. Nikamshukuru Mwenyezi Mungu kwa sauti, kisha nikakumbuka kwamba sikumuuliza kuhusu sambusa. Masaa matatu nilisimama chini ya jua nikizunguka ukuta ule, nikiwa nimepata roho ya mtu mmoja na sijui hatima ya mwingine.

Walipotoka nilimvuta pembeni kabla hajavaa viatu.

"Pembetatu ilikuwepo?"

"Ilikuwepo. Hipotenuzi kumi na mbili, pembe moja trente."

Kichwani mwangu nilishaona thelathini na sita. Mia moja arobaini na nne, gawa kwa nne.

"Umeandika ngapi?"

"Kumi na nane mara kipeuo cha pili cha tatu."

Nilipiga kelele, wazazi wakageuka. Ndiyo yenyewe! Mguu mfupi sita, mrefu sita mara kipeuo cha pili cha tatu, zidisha, gawa kwa mbili. Matokeo yalipotoka baadaye alikuwa amefaulu vizuri na akachaguliwa mkondo wa sayansi, lakini kwangu mimi alifaulu pale pale njiani. Nikamwambia, "Kwa hiyo nusu ilifika!"

"Ilifika. Askari alichoma kidole ndani kuangalia, ikapasuka kidogo, lakini ilionekana tu." Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. "Mama Fidesi walimukalisha juani mpaka saa tisa. Kikapu walikanyaga. Alifika bila kitenge cha kichwa, ile nusu ndani ya mukono."

Nikasema nitakwenda kwake, nitampigia magoti. Nikasema kikapu kitalipwa. Goreth aliitikia kwa kichwa, lakini hakuondoka, na niliona ana neno.

"Sema, binti yangu."

"Mwalimu, usikasirike. Mi nilikuwa najua."

"Unajua nini?"

"Kama ile nne si ya zote. Nilijua Alhamisi ile ile, pale pale kwa Mzee Nasoro. Ulipoandika, nilijaribu na ile ya sita, nane na kumi. Kwa njia yako inatoka ishirini na tano. Lakini sita mara nane, gawa mbili, ni ishirini na nne." Alisema kwa sauti ndogo sana, kama anayeungama wizi. "Nikaona kama ni ya miguu sawa tu. Ile ingine nikatafuta mwenyewe nyumbani."

Sita, nane na kumi. Pembetatu ya kwanza ambayo mtoto yeyote anajifunza. Ningeijaribu mimi kabla ya kucheza na chaki, ingeniambia. Kofi, mtaro, Mama Fidesi juani, milio ya darajani, vyote kwa kumpelekea mtu kitu alichokuwa nacho tayari. Hasira ilinipanda, na sikujua ni ya nani.

"Na kwa nini hukusema? Ungesema tu! 'Mwalimu, umekosea.' Ni maneno mawili!"

Kwetu, mnajua, mkubwa hasahihishwi mbele ya watu. Mtoto aliyelelewa vizuri huuliza swali la pembeni ili mkubwa ajirekebishe mwenyewe. Nilidhani atanijibu hivyo, na ningemkemea, kwa sababu hesabu haina mkubwa. Hakujibu hivyo.

"Ulikuwa na furaha," akasema. "Tangu tuanze pale, njo siku moja nilikuona unacheka, Mwalimu. Hata ulicheza. Nikasema apana, mi sitamuharibia leo. Nitamwambia kesho."

Kofi la bariyeri halikunitoa chozi. Hapo nilikaa chini kwenye ukingo wa barabara, na suti yangu, nikalia kwa sauti mbele ya watahiniwa na wazazi wao. Goreth alisogea akasimama mbele yangu, akafungua daftari lake na kulishika wazi karibu na uso wangu, ili wanaopita wadhani mwalimu anasahihisha.